Saa Moja Nyuma

Hakuja kununua. Alikuja kuuliza.
Kila wakimpa likizo ya siku mbili,
vumbi la Duqm limemlalia kwenye nyusi,
anasimama mbele ya meza yangu hapa Ruwi
na kuuliza kana kwamba safari hii jibu litapungua:
"Bibiye, mpaka Dar ni mbali kiasi gani?"

Nami, ambaye kazi yangu ni kuuza umbali,
nabonyeza, namsomea kiooni:
kilomita elfu nne kasoro kidogo.
Angani, saa tano na nusu.

"Tano na nusu tu?" Anacheka.
"Basi la kunileta hapa lilikula zaidi."
Shaji, wa Kerala, meza ya pili, Kiswahili hakijui
ila kicheko hicho anakijua.
Wateja wake nao huja nacho.

Siku moja ofisi haina mtu, kiyoyozi kinakohoa,
Bwana Ntakije akanichorea safari yake kwa kidole:
Dar, treni, usiku wa kwanza, usiku wa pili,
Tabora, chai ya dirishani,
Kigoma; kisha boti, kama ipo,
kama haipo, kungoja;
kisha kilima, kwa miguu, begi kichwani.
"Ndege," akasema, "ndiyo kipande kifupi kuliko vyote.
Na ndicho kinachonishinda."

Kuna umbali ambao mashine yangu haina:
deni la wakala aliyemleta,
pasi iliyofungiwa kabatini mwa kampuni,
binti aliyemwacha hajaota meno,
sasa anamwita baba wa kwenye simu.
Sikusema. Nilimchapia bei. Akaikunja mara nne.

Na mimi je? Mama yangu mzaliwa wa Pemba,
Kiswahili nimekinyonya hapa hapa Maskati,
na ndege hiyo ninayoiuza sijaipanda.
Sijui joto la kule linakupokea ngazi ya ngapi.

Saa yake ya mkononi niliiona mapema:
iko nyuma saa nzima. Nikadhani mbovu.
"Hiyo ya nyumbani," akasema. "Sijaigusa tangu nishuke.
Nikitaka ya huku, najumlisha moja."
Miaka sita anajumlisha moja:
kuamka, jumlisha; kula, jumlisha;
hata usingizi, kwanza hesabu.

Leo amekuja kununua.
Rial zimo kwenye mfuko wa mkate, zina joto la kwapa.
Nikamwandikia kwa mkono, kwa hesabu ya kwetu:
kuondoka saa tatu asubuhi,
kufika saa saba na nusu mchana.
Kwa mazoea nikaongeza: "Usishangae,
ile saa moja wanakurudishia njiani."
"Sikuwahi kuwapa," akasema.

Kesho rubani atatangaza,
na abiria wote watainamia vifundo vya mikono
wakizungusha majira kurudi nyuma.
Yeye atakaa tu, mikono mapajani.