Yai la Ndosho

Kabla ya mchezo tunaokota mawe.
Jumapili iliyopita tuliyaokota, leo yamezaliwa tena,
meusi, yenye meno,
kana kwamba mlima unatucheka kutoka chini.

Mpira ni mmoja. Umeshonwa mara mbili
na fundi viatu wa Birere, aliyeuliza:
"Huu nani aliukalia?"
Mwaka juzi tulikuwa watano na mto wa kulalia.

Kakule, msukuma chukudu, ndiye mwalimu.
Sheria nusu anazijua, nusu anazikisia,
lakini bega analifahamu.
"Shusha mgongo! Magunia sita ya makala
hayapandi kilima kwa kifua wazi."
Basi tunainama wanane, masikio yakisuguana,
dhidi ya wanane wengine; kusema kweli saba,
na Nzigire, aliyekuja kumwita kaka yake
akabaki.

Vijana wa soka hupita wakipiga mluzi:
"Mnatupa nyuma, mtafika lini?"
Sikuwa na jibu.

Hata jioni moja, nimeshikwa miguu yote miwili,
jiwe linakuja usoni,
nikautupa nyuma bila kutazama.
Nikangoja kuusikia ukidunda.
Nikasikia viganja.

Nyumbani mama ananiosha magoti kwa maji ya chumvi.
Haulizi nani ameshinda.
Anauliza kama huyo aliyedaka
si yule yule, wa lugha ile,
aliyenivunja jino mwezi wa tatu.

Ndiye, mama.
Polepole hapo.