Zoezi la Nne

Zoezi la kwanza halikuhitaji umeme.
Niliwagawia maboksi ya biskuti, nikasema kateni dirisha,
tokeni nje, mkachague cha kuacha.
Ndahani akarudi na nusu ya mbuzi.
Leya Chilingo akarudi na anga tupu la Hombolo,
akasema, Mwalimu, hii ndiyo iliyobaki nilipoondoa vumbi.
Tulicheka. Nikaandika ubaoni: KUKATA NI KUAMUA.
Nilijiona nimesema jambo.

La pili lilikuwa mwanga. La tatu, matabaka:
niliazima kanga tatu za mpishi wa shule,
nikazilaza mezani moja juu ya nyingine,
wakaelewa wote kwamba ya chini haijafa,
imefunikwa tu.

Kompyuta sita, mojawapo haina herufi N.
Wanafunzi thelathini na wanne,
zamu ya dakika kumi na tano,
na jenereta inayozimika kila mtu
anapokaribia kuhifadhi.

La nne: leteni picha ya nyumbani, ondoeni kisichotakiwa.
Nilikuwa nawaza waya, ndoo, mbwa aliyekatiza.

Damari Madeje alileta bahasha.
Ndani, mama yake, msichana bado,
mbele ya trekta la maonyesho,
Nanenane, Nzuguni, tarehe ya njano pembeni.
Mkasi ulipita hapo zamani.
Ulimfuata mtu kuanzia kofia, ukamzunguka taratibu,
ukafika kwenye kifundo cha mkono ukashindwa:
ungeendelea, ungekata bega la mwenyewe.
Basi mkono ukabaki. Vidole vinne, saa ya chuma,
saa nne kasorobo
ya asubuhi ya mtu asiyekuwepo.

"Mama amesema huu ndio utoke."

Sikuuliza. Silabasi haina kipindi cha kuuliza.
Nilimwonyesha muhuri: unachota kitenge pale kilipo kizima,
unakibandika pale penye kidonda,
tausi kwa tausi.
Alitumia zamu zake tatu, akaomba na ya Ndahani,
ulimi umebanwa kwenye kona ya mdomo.
Kidole. Kidole. Saa. Kidole.
Cha mwisho alikikawiza.
Kisha tausi wakajipanga upya, hapana mshono,
na mimi, miaka tisa kazini,
sikuwahi kuona mkono mwepesi vile.
Nilimpa kumi na tisa juu ya ishirini.
(Moja huwa naibakiza. Sijui ya nini.)

Ijumaa mama alikuja mwenyewe kutoka shambani,
rangi ya zabibu kwenye kucha, dumu tupu kwapani.
Akaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha
kama mtu anayekagua noti.
Kengele ikalia. Madawati yakaburuzwa. Darasa likabaki letu watatu.

"Mmeutoa kweli," akasema.

Kisha akaweka kucha yake juu ya bega,
bega nililolitazama wiki nzima nisilione:
limeshuka kidogo, na shingo imelifuata,
na mwili wote umelala upande wa mkasi,
kwa raha, kama aliyeambiwa
hapa hapaanguki.

"Sasa huyu," akauliza, "anaegemea nini?"

Damari akanitazama mimi.
Mimi nikaitazama kompyuta isiyo na N.
Ningeweza kusema kuna muhuri wa hilo pia,
kwamba bega hunyanyuliwa, shingo hunyooshwa,
ni kazi ya zamu mbili umeme ukiwepo.
Nilishika kalamu nyekundu, nikakosa pa kuandika.

Mama akaikunja bahasha, picha akaiacha mezani.
"Ile ya kwanza bado mnayo?"
"Ninayo," Damari akajibu haraka, kabla yangu.

Nje, uwanjani, Ndahani na boksi lake la biskuti,
jicho moja limefumbwa,
anarudi kinyumenyume, hatua, hatua nyingine,
mpaka mbuzi mzima aenee.