Usingizi wa Pono

Bibi aliponikuta kitandani jua limeshapanda
alisema: mtoto huyu ana usingizi wa pono.
Hakujua itafika siku nilipwe mshahara
kumtazama pono akilala.

Mkokoni, saa mbili usiku, maji yameanza kujaa.
Mimi na Bunu Kale, mitungi mgongoni,
tumelaza tepu ya mita hamsini juu ya matumbawe
kama fundi anayempima kanzu mtu asiyetulia.
Mita mbili na nusu kulia, mbili na nusu kushoto.
Nje ya hapo samaki hayupo, hata akiwepo.
Ndiyo kanuni.

Mchana niliandika:
changu kumi na saba,
kangaja mia moja na wawili,
vipepeo wawili wawili, maharusi wasioachana hata sokoni,
chewa mmoja, mdogo, mdomo wazi
kama aliyetajiwa bei.
Kikande: sufuri.
Sufuri nayo huandikwa.
Niliikoleza kwa penseli mpaka kibao kikachubuka,
maana kikande akikosekana, mafuma huzaana,
na fuma, na miiba yake yote, hana adabu ya mgeni:
hula chakula, akamalizia na mkeka.

Sasa ni zamu ya pono.
Yumo uvunguni mwa tumbawe,
ametema chandarua chake mwenyewe,
ute mwembamba toka mdomoni hadi mkiani.
Namulika. Hajongei.
Jicho li wazi, mwenyewe hayupo.

Naandika: watatu.
Bunu ananigusa bega, ananyoosha vidole:
watano.

Wale wawili nisiowaona
anawajua tangu alipokuwa akija hapa
na tochi ya betri nne na mkuki wa nondo,
bila mtungi, pumzi yake tu.
Usiku mmoja, pono sitini, kamba moja.
Aliniambia hayo kwenye boti, akikaza fundo,
asinitazame:
"Ni kama kuiba viatu msikitini, daktari.
Hakuna anayekukimbiza.
Wenyewe wamesujudu."
Kisha, baada ya kimya:
"Ada ya Mwanaisha ilikuwa elfu tisa."
Hilo sikuliandika. Kibao hakina safu yake.

Ijumaa iliyopita tulikutana darasani,
watu wazima kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti juu.
Nilichora grafu ubaoni. Chaki ilikatika.
Bi Khuzaima wa genge la samaki akauliza:
"Samaki umewahesabu. Sisi je?"
Sikuwa na jibu, nikasema nisilopanga kusema:
kwamba pono huguguna jiwe kutwa,
hukwangua majani yanayolisonga tumbawe,
na kinachotoka nyuma yake ni mchanga,
mchanga huu mweupe, gunia kwa gunia, mwaka hadi mwaka.
Kijana mmoja akaruka: "Kwa hiyo kiwanja chetu cha mpira
ni mavi ya pono?"
Mwalimu akakohoa. Darasa zima likapasuka.
Hata Bi Khuzaima, mtandio mdomoni.

Wakafunga mwamba mmoja, miaka miwili.
Si wote waliokubali.
Aliyekuwa amekaa karibu na mlango alitoka kabla ya dua,
na juzi usiku tuliona mwanga wa tochi upande wa kaskazini,
ukashuka, ukazimika.
Bunu aliutazama kwa muda mrefu.
"Namjua," alisema. Jina hakulitaja,
nami sikuuliza.

Nafuta tatu. Naandika tano.
Pembeni, kwa herufi ndogo: *B.K. ameona.*
Ofisini watauliza hiyo ni njia gani ya utafiti.

Mwaka ule maji yalipochemka tumbawe hili lilipauka
likawa jeupe kama sanda, nasi tukaliaga.
Sasa kwenye bega lake moja pana kijani kibichi,
na pembeni mwa kijani hicho, alama za meno.

Bibi hayupo tena nimweleze.
Si uvivu, Bibi.
Kutwa anasaga mawe
ili watoto wapate pa kuchezea mpira.

Nazima tochi.