Alama ya Kutoa

Kisanduku alichotuma Lubango kilifika Bwiru mwezi wa sita,
cheupe, sawa na kipande cha sabuni ya mche.
Nikakichomeka nyuma ya televisheni, nikamwambia mama:
kuanzia leo taa zitajiwasha jua likizama.

Saa moja ikapita. Saa mbili.
Nikainuka kubonyeza swichi, akanikataza:
umesema zitajiwasha.
Tukala sato gizani, miiba tukiisaka kwa ncha za vidole.

Saa tano usiku, mtaa umelala,
nyumba nzima ikalipuka mwanga,
sebule, jiko, choo, baraza.
Jogoo wa jirani akawika.
Mama, nesi mstaafu, akaamka akitafuta viatu vya zamu.

Asubuhi nikafungua mipangilio.
Kisanduku kilikuwa kingali kwao,
mji wa mifereji na baiskeli,
ambako jua la Juni halitaki kwenda kulala.
Hakikukosea.
Kilikuwa mgeni ambaye hajaambiwa amefika.

Nikaanza kukiambia.
Pini ya ramani ikaangukia ziwani;
nikaikokota kwa kidole hadi nchi kavu,
nikaipandisha mawe, nikaishusha kwenye bati letu jekundu.
Kikauliza kimo kutoka usawa wa bahari.
Bahari? Mama akacheka. Waulize wa Pwani hiyo.
Kikauliza saa za eneo. Nikapekua miji yote ya orodha:
Mwanza haimo.
Imo Dar es Salaam, ambako jua huaga
karibu nusu saa kabla halijatuaga sisi.
Nikachagua hiyo hiyo.

Ikabaki latitudo, mbili nukta nne tisa.
“Na mbele yake kutoa,” nikajisemea,
maana bila kile kistari
tungehamia ng'ambo ya ikweta, sufuria zikiwa jikoni.

“Kutoa ni moyo,” mama akadakia huku akipeta mchele.
“Mwambie Lubango safari nyingine atoe nauli,
aje mwenyewe.”

Jioni skrini ikaandika: machweo, 18:49.
Mama akatazama dirisha.
“Saa moja kasoro dakika kumi na moja? Hapa kwetu?
Na lile jiwe?”
Kweli, jiwe la magharibi, kubwa kuliko kanisa,
hutumezea jua mapema,
na hakuna mahali pa kulijaza jiwe.
Nikaweka kutoa ya pili: dakika kumi na mbili.

Tukangoja, mikono mapajani.
Kivuli kikashuka ukutani, kikapita kalenda,
kikafika kwenye picha ya Lubango na suti ya mahafali.
Taa zikawaka.

Mama hakupiga makofi.
“Huko kwake saa hizi saa ngapi?”
“Kumi na moja na nusu imepita. Jua bado kali.”
Akafunika sufuria.
“Basi hajala.”