Hodi, Haidi

Barua ya Mlimani ilisema: mwanafunzi mmoja, wa kike,
miaka ishirini, kutoka Nebraska, hali nyama.
"Hata kuku?" akauliza Bi Nasra wa nyumba ya pili.
Nikamwambia sijui, kuku hawakumtaja.
Nikatandika kitanda cha Shamte, mwanangu,
nikahamishia cherehani sebuleni,
nikangoja.

Jina lake Haidi.
Hapo ndipo mambo yalipoanza,
maana nyumba yangu ya Changanyikeni haina kengele,
ina geti la bati na midomo ya watu.
Muuza mchicha: hodi.
Mtoto wa Mangi kaleta chenji: hodi.
Bi Nasra na bakuli lake la kuazimia chumvi: hodi, hodi.
Na kila hodi, msichana anachomoka chumbani,
miguu pekupeku, nywele zinachuruzika, "Nipo! Nipo!"
na muuza mchicha anamtazama
kama mtu aliyeagiza chai akaletewa hati ya nyumba.
Wiki mbili nzima aliamini mtaa wote unamjua kwa jina.
Sikumwambia. Mungu anisamehe,
nilikuwa jikoni, nimejiziba mdomo kwa khanga.

Saa zilimtesa.
Aliambiwa kipindi ni saa mbili, akaenda saa nane mchana,
akakuta viti na mfagiaji.
Nikamweleza: sisi tunaanza kuhesabu kukikucha.
Ninyi mnahesabuje mkiwa usingizini?
Akaandika. Aliandika kila kitu, hata bei ya ndoo.

Jioni alifunga mlango.
Kwetu anayejifungia ana homa, au anadaiwa.
Nikapeleka uji. Nikapeleka panadoli.
Nikamtuma Bi Nasra.
Akatoka na kamusi, kidole juu ya neno:
"Mama, ninataka faragha."
Bi Nasra nusura aangushe bakuli.
Neno hilo, binti yangu, nilimwambia baadaye,
lina godoro ndani yake.

Na pole.
Nilimpa pole ya mvua, pole ya foleni,
pole ya kujikwaa kwenye kizingiti.
"Kwa nini unaomba msamaha? Siyo wewe uliyekiweka."
(Nilikiweka mimi, na fundi Kombo,
mwaka ule nilipofiwa na mume wangu,
lakini hayo yalikuwa bado hayajafika kwenye Kiswahili chake.)

Mwezi wa tano simu ililia saa nane usiku,
kwao jioni. Bibi yake, mzaa mama.
Nilisikia kupitia ukutani, kisha kitasa.

Kulipokucha hakuna aliyepiga hodi.
Waliingia tu. Bi Nasra na bakuli, safari hii limejaa.
Mangi alifunga duka. Muuza mchicha alitua tenga lake getini.
Wakaketi mkekani, mgongo ukutani, kimya.

Haidi akanivuta korido.
"Hawamjui bibi yangu."
Hawamjui, nikakubali.
"Sasa wamekuja kufanya nini?"
Nilitafuta jibu, nikapata sukari, nikaenda kuikoroga.
Akasema anataka kukaa peke yake.
Basi tukakaa peke yake,
watu kumi na mmoja.

Sijui kama ilimfaa. Hakulia mbele yetu.
Alimshika muuza mchicha kidole kimoja, kidole gumba,
hakukiachia mpaka adhuhuri.
Kesho yake alilala hadi alasiri, mlango umefungwa.
Uji nilikuwa nimeshaupika.
Niliunywa mwenyewe, nimesimama,
nikiutazama ule mlango.

Juni akaondoka. Kamusi kaiacha, na ndoo.
Cherehani imerudi chumbani.

Jana geti likagongwa: hodi.
Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano.
Nikajikuta nimetulia kidogo,
kama unavyompisha mtu mlangoni,
ndipo nikasema karibu.