Chenji ya Mlima

Gunnvor ana daftari la bei rahisi,
kurasa zinanuka dizeli;
anaandika lita kama wengine waandikavyo madeni.
Lærdal hadi Hemsedal, tani ishirini za samoni,
Februari, upepo wa ubavuni:
lita thelathini na tisa kwa kilomita mia.

Wakampa lori jipya, injini ya mseto.
Kijana wa ofisini, Sindre, viatu vyeupe thelujini,
akamwonyesha kitufe: "Bonyeza, mwendo ujishike wenyewe.
Mguu upumzike."

Kwenye tambarare, kando ya mto, alikiri: kitufe hodari.
Mguu wake una hasira,
mguu unakumbuka bili ya daktari wa meno
na kukanyaga bila kutumwa.
Kitufe hakina mawifi. Kitufe hakina Jumatatu.
Mshale wa mafuta ukalala kama paka.

Lakini mlimani!
Kitufe kimeapa themanini, basi ni themanini,
kinamwaga dizeli kama mgeni atumbuaye mali ya mwenyeji,
mita mia tu kabla ya kilele.
Hakijui kwamba barabara i karibu kuinama.
Gunnvor anajua, mwaka wa ishirini na sita huu:
fito ya theluji iliyopinda, kibanda chekundu,
kisha anga peke yake.
Akakizima. Akaliacha lori lichoke kidogo,
sabini, sitini na tano,
likavuka likihema, bila haraka ya kusifiwa.

Kisha mteremko.
Hapa ndipo kaka yake Torleiv alipokuwa akishuka breki zikifuka,
harufu kama ya kwato zilizoungua.
Miaka yote ile, asema, tulichoma noti
ili tupunguze mwendo.
Sasa mota inavuma chini ya kiti, inazungushwa na magurudumu,
na uzito wa samaki wale wote unadondokea betrini:
arobaini, hamsini na mbili, sitini na nane.
Haurudi wote. Mlima ni muuza duka mjanja,
chenji yake haikosi upungufu;
na betri ikijaa kabla ya kona ya mwisho
kinachobaki kinaishia kuwa joto, kama zamani.

Hemsedal. Akaegesha, akalamba kidole, akafungua daftari.
Thelathini na nne nukta mbili.
Sindre akapiga simu: "Ni kitufe, siyo?"
Gunnvor akatazama mguu wake,
buti jeupe kwa chumvi ya barabara.
"Kiandikie nusu," akasema,
akakata kabla hajaulizwa nusu nyingine ni ya nani.