Jina la Miguu

Baba aliwasha gari hata kwenda kununua maziwa,
dukani palepale, kona ya pili.
Majirani wa Sowerby wakacheka:
Walker gani huyu, asiyetembea?

Hawakujua. Jina letu halikwenda popote.
Lilisimama ndani ya hori,
mkojo uliochacha ukilifika magotini
(mkojo wa mtaa mzima, uliokusanywa mlango kwa mlango),
likikanyaga kitambaa kibichi cha sufu,
kushoto, kulia, kushoto,
mpaka nyuzi zishikane kama ndugu msibani.

Hobkin, mkanyagaji.
Ndivyo karani alivyoandika,
mkono wa pili ukiziba pua.

Kisha mto ukafungwa gurudumu,
nyundo za mti zikatwanga usiku kucha,
na miguu ya Hobkin ikatoka horini
myeupe, laini, haina kazi.
Jina likagoma kutoka, kama doa.

Leo, juu ya jeneza, kibao cha shaba: WALKER.
Shangazi Thirza amelifunika kwa koti la marehemu,
sufu nzito, haipitishi mvua.
Nimeinama nikalinusa, nani ajuaye.
Tumbaku. Petroli.
Basi.